Maswali ya Afya: Uvimbe wa Seli za Uzazi Unapona, Ratiba Ikiheshimiwa

Barua za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na nyingi zinagusa ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Uvimbe wa seli za uzazi huanzia kwenye seli ambazo mwili umezitenga ziwe mbegu za kiume au mayai ya kike. Makao yake ya kawaida ni korodani na ovari. Lakini mtoto akiwa bado mimba changa seli hizo husafiri kupitia katikati ya mwili, na nyingine hukwama njiani: kwenye kifandugu, nyuma ya tumbo, kifuani, hata ndani ya ubongo. Wanaougua zaidi ni watoto, vijana na watu wazima ambao hawajafika miaka 40. Ni miongoni mwa saratani chache ambazo hata zikishafika mapafuni, daktari bado anatibu kwa nia ya kuponya kabisa. Kwa sababu hiyo tumekaa zaidi pale ambapo kukosea utaratibu kunampotezea mgonjwa nafasi hiyo.

Mdogo wangu ana miaka 27. Korodani ya kulia imekuwa ngumu na kubwa kwa miezi mitano, haiumi. Tulidhani ni busha, na mtaani wanatushauri maji yanyonywe kwa sindano. Hospitali wanasema itolewe korodani nzima, tena wapasue kwenye kinena. Kwa nini wasikate kivimbe tu?
*Msomaji, Makambako*

Hospitali wako sahihi. Sindano ya mtaani msiikubali hata kidogo.

Busha la kweli ukilimulika kwa tochi gizani hupitisha mwanga, kitu kigumu hakipitishi. Hata hivyo tochi isiwatulize, kwa sababu uvimbe unaweza kuzungukwa na maji ukajificha nyuma yake. Kijana yeyote mwenye busha jipya au korodani iliyobadilika ugumu afanyiwe ultrasound ya korodani zote mbili. Kutokuwa na maumivu si dalili ya usalama. Uvimbe huu mara nyingi hauumi.

Sababu ya kupasua kinenani ni njia za limfu, yaani maji ya mwili yanayopita kwenye mirija yake hadi kwenye tezi. Limfu ya korodani hupanda moja kwa moja hadi kwenye tezi zilizo pembeni ya mshipa mkubwa wa damu, nyuma ya tumbo, ilhali ngozi ya mfuko wa korodani hupeleka limfu yake kwenye tezi za kinena. Ukichoma sindano au ukipasua mfuko, unazifungulia seli za saratani njia ya pili ambayo hazikuwa nayo. Daktari anayejua kazi huingia kinenani, hubana kamba ya korodani juu kabisa, kisha ndipo huitoa korodani pamoja na kamba yake. Kukata kivimbe peke yake hufikiriwa tu pale mgonjwa ana korodani moja pekee au zote mbili zina uvimbe. Korodani moja iliyo nzima inatosha kwa nguvu za kiume na, kwa wengi, kwa kupata watoto pia.

Kabla hajaingia chumba cha upasuaji hakikisheni damu yake imechukuliwa kwa vipimo vitatu vya vitu ambavyo uvimbe huu huweza kuvimwaga kwenye damu: AFP, hCG na LDH. Hili husahaulika mno, na likishasahaulika halirudi, kwa sababu namba za kabla ya upasuaji ndizo zinazotuambia kama namba za baadaye zinashuka inavyopaswa. hCG hupungua nusu kila baada ya siku moja na nusu hadi tatu, AFP kila baada ya siku tano hadi saba. AFP ikiwa 800 siku ya upasuaji, baada ya wiki moja tunategemea kama 400, wiki ya pili 200, na baada ya wiki saba hivi iwe chini ya 10. Ikikwama njiani au ikipanda, kuna ugonjwa umebaki mahali, hata kama picha ni safi. AFP inatupa pia jambo jingine: seminoma tupu, mojawapo ya aina mbili kuu za uvimbe huu, haitengenezi AFP. Majibu ya kinyama kilichopimwa maabara yakisema seminoma na AFP iko juu bila ugonjwa wa ini, mgonjwa atibiwe kama mwenye aina mchanganyiko. hCG nayo ndiyo homoni inayosomwa na kijiti cha kupima mimba, kwa hiyo mwanamume mwenye ugonjwa huu anaweza kuona mistari miwili. Mstari mmoja, hata hivyo, haumwondolei shaka.

Korodani ikishatolewa, mwulizeni daktari inapelekwa maabara gani ya patholojia na nani anaisafirisha, kwa kuwa huku kwetu mara nyingi ndugu ndiye hukabidhiwa chupa. Iwe kwenye formalini ya asilimia 10, si spiriti wala maji ya chumvi, na formalini iwe nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Korodani kubwa lazima ipasuliwe katikati ili dawa iingie ndani. Isipopasuliwa, huoza kiini na majibu yanarudi yameandikwa kwamba haisomeki.

Iwapo CT skani ya kifua na tumbo ni safi na vipimo vya damu vimeshuka hadi kawaida, wengi hawahitaji dawa papo hapo. Kwa seminoma iliyoishia korodanini, karibu mgonjwa mmoja kati ya sita ndiye ugonjwa humrudia; kwa aina nyingine ni karibu mmoja kati ya watatu, na zaidi kama saratani ilionekana ndani ya mishipa midogo ya damu. Mgonjwa anayeweza kuhudhuria kliniki bila kukosa anaweza kufuatiliwa tu. Anayekaa mbali, au ambaye kila nauli ni mzigo, azungumze wazi na daktari kuhusu dozi ya kinga: mzunguko mmoja wa BEP (dawa tatu za saratani tunazozieleza kwenye barua inayofuata) kwa aina isiyo seminoma, au dozi moja hadi mbili za kaboplatini, dawa nyingine ya saratani, kwa seminoma.

Mume wangu alitolewa korodani mwezi uliopita. CT skani imeonyesha tezi za nyuma ya tumbo zimevimba na vidoa viwili mapafuni. Tumeandikiwa BEP mizunguko mitatu. Hiyo BEP ni nini? Na akimaliza siku tano anaweza kurudi nyumbani Makete kusubiri mzunguko unaofuata?
*Mama wa watoto wawili, Uyole*

BEP ni kemo, yaani dawa za kuua saratani, za aina tatu: bleomisini, etoposidi na sisplatini. Sisplatini ndiyo iliyogeuza historia ya ugonjwa huu: mwaka 1974 Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alianza kuichanganya na dawa nyingine, na wagonjwa waliokuwa wakifa wakaanza kupona. Etoposidi iliingia baadaye, katika miaka ya 1980.

Mzunguko mmoja ni siku 21. Sisplatini ni miligramu 20 kwa kila mita ya mraba ya mwili, siku ya 1 hadi ya 5. Etoposidi ni miligramu 100 kwa kila mita ya mraba, siku hizo hizo tano. Bleomisini ni yuniti 30 bila kujali ukubwa wa mtu, siku ya 1, ya 8 na ya 15. Eneo la mwili hukokotolewa kwa urefu na uzito. Mwanamume wa mita za mraba 1.7 atapata sisplatini miligramu 34 na etoposidi miligramu 170 kila siku. Andika namba hizi kwenye daftari lako, si kwa kumchunga daktari, bali ili mkihamishiwa kituo kingine katikati ya matibabu asiwepo wa kubahatisha.

Mizunguko mitatu inamaanisha amewekwa kundi la nafuu: ugonjwa haujafika kwenye ini, mifupa wala ubongo, na vipimo vya damu haviko juu sana. Kwa aina isiyo seminoma, takwimu za kimataifa zilizochapishwa 2021 zinaonyesha kwamba baada ya miaka mitano wanaoishi kwenye kundi hilo ni takriban 95 kati ya 100. Kundi la kati ni karibu 90, na kundi baya zaidi ni theluthi mbili. Hayo makundi mawili hupewa mizunguko minne. Lakini namba hizo zimepatikana kwa dozi kamili zilizotolewa kwa wakati, na hapo ndipo tungependa mweke nguvu.

Mzunguko wa pili uanze siku ya 22. Seli nyeupe zikiwa chini kidogo lakini mgonjwa hana homa, mara nyingi daktari huendelea na tarehe ile ile. Kuahirisha wiki kwa sababu ya mavuno au msiba ni kuupa uvimbe nafasi ya kuota tena, na ukiota huwa sugu. Kupunguza dozi kwa kumhurumia mgonjwa nako humuumiza. Sisplatini ikikosekana dukani, msikubali haraka ibadilishwe kwa kaboplatini: kwa watu wazima wenye ugonjwa uliosambaa imeonekana kuponya wachache zaidi. Kabla ya siku ya kwanza nenda famasi ya hospitali uulize kama dawa za siku zote tano zimeshatengwa.

Sisplatini huunguza figo, na kinga yake ni maji. Kila siku ya dawa apate angalau lita mbili za dripu ya chumvi, zikiwa na potasiamu na magnesiamu, na akojoe vizuri. Ukiona mkojo umepungua, mwambie nesi saa hiyo hiyo, usisubiri raundi ya asubuhi. Ndizi na parachichi za Rungwe zina potasiamu nyingi na ni chakula kizuri, ila hazichukui nafasi ya dripu. Akiumwa kichwa asipewe diklofenaki. Akipata homa wodini, kumbusheni kwamba yuko kwenye sisplatini kabla hajachomwa gentamaisini, kwani dawa hizo mbili kwa pamoja huumiza figo na masikio. Kutapika huweza kuendelea siku mbili tatu baada ya dripu kuisha. Hakikisha anaondoka na ondansetroni na deksamethasoni mkononi.

Sasa Makete. Kwanza, bleomisini ya siku ya 8 na ya 15 itamrudisha hospitali vyovyote vile. Pili, kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi seli nyeupe hushuka kuliko wakati mwingine wowote, na homa ya kipindi hicho inaweza kumuua ndani ya saa chache. Safari ya kutoka Makete ni ndefu mno kwa dharura ya namna hiyo. Akae kwa ndugu au chumba cha kupanga Mbeya mjini walau mpaka apite siku ya 15. Nunua kipimajoto. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, nendeni hospitali hata kama ni saa nane ya usiku, mkiwa na karatasi inayoeleza kwamba yuko kwenye kemo. Antibiotiki ya mshipa iingie ndani ya saa moja. Apimwe kwanza ndipo ameze panadoli, kwani panadoli huificha homa. Bleomisini yenyewe huweza kuleta homa na kutetemeka jioni ya siku ya sindano. Hiyo hupita, lakini msiamue wenyewe kwamba ndiyo hiyo.

Bleomisini pia hukausha mapafu. Kikohozi kikavu, au kuishiwa pumzi kwa kupanda kilima alichokuwa akikipanda bila shida, kisemwe kabla ya sindano inayofuata. Daktari anaweza kuiacha na kuendelea na dawa nyingine. Sigara ziachwe leo. Ulanzi na pombe nyingine za kienyeji ziwekwe kando, maziwa yachemshwe, na dawa za miti shamba zisimame mpaka matibabu yaishe, maana nyingi hupita kwenye figo zile zile tunazozilinda.

Kama mnataka watoto zaidi, ulizeni kuhusu kugandisha mbegu kabla ya dozi ya kwanza kwenye kliniki za upandikizaji mimba za Dar es Salaam. Kwa wengi mbegu hurudi baada ya mwaka mmoja hadi miwili, lakini hakuna wa kuwahakikishia. Wakati wa matibabu na mwaka mmoja baada yake tumieni uzazi wa mpango.

Natumia dawa za CTC, na sasa nimekutwa na seminoma. Naambiwa siwezi kuhimili kemo.
*Msomaji, Njombe*

Unaweza, na matibabu ni yale yale. Usiache ARV, yaani hizo dawa za CTC za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mpeleke daktari wa saratani kadi yako ya CTC, kwa mambo matatu. Tenofovir, iliyomo kwenye kidonge kimoja ambacho wengi hutumia, hupita kwenye figo, na ikikutana na sisplatini figo zichunguzwe kwa ukaribu zaidi au ibadilishwe kwa muda. Dolutegravir nayo hupandisha kidogo namba ya kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, bila figo kuumia, na asiyelijua hilo anaweza kupunguza dozi ya kemo bila sababu. Zidovudini, ARV nyingine, hushusha damu. Isiende pamoja na kemo ikiwa kuna mbadala.

Binti yangu ana miaka 16. Tumbo limevimba, hospitali wanasema ni ovari. Majirani wanasema mtoto wa dada aliwahi kutolewa uvimbe wenye nywele na meno, basi tumerogwa. Nitakubalije apasuliwe akose kizazi?
*Mama, Tukuyu*

Pole mama. Tuanze na nywele na meno. Seli ya yai imebeba maelekezo ya kutengeneza kila sehemu ya mwili wa binadamu. Ikianza kugawanyika ikiwa bado ndani ya ovari, hutengeneza vipande vya ngozi, nywele, mafuta na meno. Uvimbe huo huitwa teratoma, unafahamika vizuri duniani kote, na ulio komavu kwa kawaida si saratani: ukitolewa wote, tiba imekwisha. Hakuna mkono wa mtu ndani yake.

Kwa binti yako bado hatujui ni aina gani. Kabla ya upasuaji apimwe AFP, hCG na LDH. Uvimbe huu usichomwe sindano kunyonya maji, kwa kuwa ukipasuka tumboni hatua ya ugonjwa hupanda. Hata ikiwa saratani, upasuaji sahihi kwa umri wake ni kutoa ovari moja yenye uvimbe na mrija wake, ikiwezekana bila kuipasua, na kuacha kizazi na ovari ya pili. Mwambie daktari wazi, kabla ya kusaini fomu, kwamba unataka uzazi uhifadhiwe. Kuondoa kizazi na ovari zote kwa msichana kwa sababu ya uvimbe huu ni nadra sana kuhitajika, hata ugonjwa ukiwa umetapakaa, kwani dawa hufanya kazi iliyobaki. Disjeminoma, aina ya ovari inayofanana na seminoma, ikiwa ndani ya ovari moja, au teratoma changa ya daraja la kwanza, huweza kufuatiliwa tu. Nyingine nyingi hupata BEP, kwa kawaida mizunguko mitatu, na wasichana wengi hedhi yao hurudi.

Usichelewe. Maumivu makali ya ghafla ya upande mmoja na kutapika huashiria ovari imejisokota, na hapo ni upasuaji wa siku hiyo hiyo.

Mjukuu wangu amezaliwa na uvimbe kama chungwa juu ya makalio. Wanasema asubiri akue.
*Bibi, Mafinga*

Asisubiri. Apelekwe kwa daktari wa upasuaji wa watoto ndani ya siku hizi, kupitia rufaa ya Iringa, Mbeya au Muhimbili. Kwanza ithibitishwe kwamba si mgongo wazi, na mtu yeyote asiuchome. Uvimbe wa kifandugu kwa kichanga mara nyingi bado si saratani. Kadiri miezi inavyopita bila kutolewa, ndivyo uwezekano wa kugeuka unavyoongezeka. Mwulize daktari swali moja: atatoa na mfupa wa kifandugu? Ukiachwa, uvimbe hurudi mara nyingi. AFP ya kichanga huwa juu mno kwa maumbile, maelfu kwa maelfu, na hushuka polepole hadi karibu miezi minane au zaidi, kwa hiyo namba kubwa ya leo isiwatishe. Kinachoangaliwa ni kama inashuka. Baada ya upasuaji arudi kila miezi mitatu kwa miaka mitatu, apimwe damu na achunguzwe njia ya haja kubwa kwa kidole. Ikiwa saratani, watoto hupewa kemo yao, na kwao kaboplatini inakubalika.

Nimemaliza BEP mizunguko minne. Uvimbe haukuwa seminoma. Damu imerudi kawaida lakini CT skani bado inaonyesha kitu cha sentimita 3 nyuma ya tumbo. Wanataka kunipasua tumbo lote. Kwa nini wasiongeze kemo? Pia vidole vyangu huwa vyeupe na kufa ganzi asubuhi.
*Msomaji, Iringa*

Kilichobaki kinaweza kuwa kovu tupu, teratoma, au, kwa wachache, saratani hai. Picha haiwezi kutofautisha. Teratoma haisikii kemo wala mionzi hata uongeze mara ngapi. Huendelea kukua ikibana figo na mishipa, na baada ya miaka huweza kugeuka saratani nyingine isiyo na dawa nzuri. Ndiyo maana kwa aina yako, chochote kinachozidi sentimita 1 damu ikiwa imerudi kawaida hutolewa. Seminoma ni tofauti, mara nyingi hufuatiliwa kwa picha. Upasuaji huu ni mgumu, unagusa mishipa mikubwa, kwa hiyo rufaa iende kwa timu iliyozoea kuufanya, hata kama ni Dar es Salaam. Mwulize daktari kuhusu mishipa ya fahamu ya kutoa manii. Ikikatwa, mbegu huenda kwenye kibofu badala ya kutoka nje.

Mwambie mtaalamu wa usingizi kwamba ulipata bleomisini na jumla yake ni yuniti ngapi. Oksijeni nyingi kupita kiasi na dripu nyingi wakati wa upasuaji huweza kuyaumiza mapafu yaliyokwisha kuguswa na dawa hiyo. Usingoje akuulize.

Vidole vyeupe kwenye baridi ni mishipa midogo inayojikunja baada ya bleomisini na sisplatini. Kwa miezi ya Juni na Julai huko kwetu si jambo dogo: vaa glovu kabla hujatoka nje, nawa kwa maji ya vuguvugu, usivute sigara. Ganzi ya vidole vya miguu hupungua polepole kwa miezi mingi, na kwa wengine hubaki kidogo.

Mionzi haitumiki? Na mtu akipona afuatiliwe mpaka lini?
*Msomaji, Tunduma*

Mionzi hufaa kwa seminoma yenye tezi ndogo za tumbo na kwa aina inayoota ndani ya ubongo. Kwa aina nyingine nafasi yake ni ndogo. Ugonjwa ukirudi baada ya BEP bado kuna dawa za awamu ya pili zenye nia ya kuponya, kwa hiyo kurudi kusichukuliwe kama hukumu.

Kurudi kwingi hutokea ndani ya miaka miwili ya kwanza. Mwaka wa kwanza damu hupimwa kila mwezi mmoja hadi miwili, wa pili kila miezi miwili hadi mitatu, kisha nafasi hupanuka hadi mwaka wa tano. Picha hufuata ratiba ya daktari. Korodani iliyobaki ipapaswe na mwenyewe mara moja kwa mwezi baada ya kuoga maji ya moto, kwa kuwa karibu wawili kati ya 100 hupata uvimbe upande wa pili. Shinikizo la damu na uzito vipimwe kila mwaka, maana sisplatini huacha alama kwenye mishipa ya moyo. Siku ya kuruhusiwa omba karatasi yenye aina ya uvimbe, hatua yake, idadi ya mizunguko, jumla ya bleomisini na AFP na hCG za mwisho. Toa nakala mbili, moja ikae pamoja na kadi ya bima, nyingine kwa ndugu. Asiye na bima apite ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, kabla bili haijaanza kuandikwa.